Maua Chunguni: Namna ya Kutumia Maua Yanayolika Katika Mapishi ya Kila Siku

Ukitia karafuu kwenye chai, umetia ua. Karafuu ni tumba lililochumwa kabla halijachanua, likaanikwa mpaka likawa la kahawia iliyokoza. Koliflawa ni kichwa kizima cha maua machanga. Brokoli vivyo hivyo, na ukiisahau bustanini siku chache itakuchanulia maua ya njano. Zafarani nayo ni nyuzi tatu zinazotolewa katikati ya ua dogo la zambarau, na ili upate gramu 1 ya nyuzi kavu unahitaji maua yapatayo 150. Kwa hiyo hata aliyeapa kwamba hawezi kula ua, huenda amelila leo asubuhi.

Mwongozo huu unalivuta jambo hilo mbele kidogo: kuchuma ua bichi, kulisafisha, kulionja, kisha kulitia kwenye chakula cha kawaida cha mchana au cha jioni, bila kungoja sherehe. Ninaloshikilia ni kwamba ua la kupikia huchaguliwa kwa ulimi. Ukilichagua kwa macho litaishia ukingoni mwa sahani, mlaji atalisogeza kando kwa uma, na kazi yote ya kulilea na kulichuma itakwenda jaani. Ua ambalo umelionja, ukajua kwamba lina ukali wa haradali au harufu ya kitunguu, hupata kazi chunguni kama kiungo kingine chochote.

Hatua ya 1: Lijue ua kwa jina lake kamili

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo mtu anapoweza kudhurika. Majina ya mitaani hudanganya. Adenium wengi huiita waridi la jangwani, ilhali haina undugu na waridi, na utomvu wake ni sumu inayoshika moyo. Ipo yasmini ya kweli, Jasminum sambac, ambayo hutiwa kwenye chai tangu zamani. Upo pia mmea wa Gelsemium unaoitwa yasmini kwa sababu ya sura na harufu tu, nao unaweza kuua. Njegere za kula zina maua matamu, lakini Lathyrus odoratus, mmea wa mapambo wenye maua yanayofanana nayo kama mapacha, ni sumu. Ndiyo sababu ya kujifunza jina la kisayansi la kila ua unalotaka kulila. Jina la mtaani hubebwa na mimea mitatu minne kwa pamoja. La kisayansi hubebwa na mmoja.

Yafuatayo usiyatie kinywani hata kipande: oleanda, yaani Nerium oleander, pamoja na ile ya njano, Cascabela thevetia; mnanaha, ambao ni Datura, na ndugu yake Brugmansia, Digitalis yenye maua kama vidole vya glovu, Gloriosa superba yenye petali nyekundu na njano zilizopindia juu kama ndimi za moto, na Lantana camara. Ongeza humo maua ya nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili. Matunda na viazi vyake tunavila, lakini maua yake yaache palepale.

Picha moja ya simu haitoshi kutambua mmea. Tazama majani, shina na jinsi unavyokua. Chukua mfano wa ua la boga na ua la Brugmansia ya njano: yote mawili ni makubwa, yote yana umbo la tarumbeta. Lakini mmea wa boga hutambaa chini na kujishikilia kwa nyuzi zilizojisokota, na maua yake hutazama juu. Brugmansia ni kichaka au mti mdogo, na maua yake huning'inia yakitazama ardhi. Anayetazama petali peke yake anaweza kukosea, ila aliyeutazama mmea mzima hakosei.

Njia iliyo salama kuliko zote kwa anayeanza ni kupanda mwenyewe kutoka kwenye mbegu anayoijua. Na kama bado una shaka, hata ndogo, ua hilo si la kuliwa leo.

Hatua ya 2: Uliza limetoka wapi

Maua ya dukani yaliyofungwa shada si chakula, hata yakiwa ni waridi lenyewe. Yamelimwa yapendeze na yadumu siku nyingi majini, na dawa zilizopuliziwa hazikuwekewa kipimo cha mlaji. Kuyaosha hakusaidii, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hunywewa na mmea na kukaa ndani ya petali. Usichume kando ya barabara wala pale wanyama wanapopita na kukojoa.

Ukinunua mche uliokwisha kuchanua kwenye kitalu, uliza kama ulipuliziwa. Ukikosa jibu la kueleweka, kata maua yote uliyonayo, upande, uulee miezi kadhaa bila dawa, kisha ule maua mapya. Ni subira ndefu, lakini sijaona njia ya mkato iliyo salama.

Hatua ya 3: Chuma kwa saa yake

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijakaza. Harufu ya ua imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka hewani joto likipanda, kwa hiyo waridi la saa mbili asubuhi na waridi hilohilo saa nane mchana ni viungo viwili tofauti. Chagua ua lililofunguka karibuni. Tumba huwa bado halina ladha iliyokamilika, na ua lililoanza kunywea mara nyingi huwa limeingiwa na uchungu.

Usichume yote. Nyuki wanayahitaji, nawe unahitaji matunda na mbegu.

Hatua ya 4: Safisha, na utoe visivyolika

Lishike ua kwenye kikonyo, ulitikise kwa upole. Kisha yalaze maua yote kichwa chini juu ya karatasi nyeupe kwa dakika kumi hivi. Siafu na vidudu vidogo vitatoka vyenyewe na utaviona. Yaoshe ndani ya bakuli la maji baridi, ukiyazamisha na kuyainua mara mbili tatu. Maji ya bomba yanayoanguka kwa nguvu huchana petali. Yatandaze kwenye kitambaa safi mpaka yakauke.

Sasa tazama ndani. Maua makubwa, kama ya maboga, bamia au hibiskasi, yana stameni zenye chavua katikati, zing'oe. Chavua ina ladha ya vumbi, na kwa mwenye mzio inaweza kuleta mwasho au kubana kwa kifua. Sepali, yale majani madogo ya kijani chini ya ua, huwa magumu au machungu, nayo huondolewa. Petali za waridi zina kona nyeupe pale zinaposhikana na ua: ikate kwa mkasi, maana uchungu wote wa waridi umejificha hapo. Kalendula na alizeti, vuta petali peke yake na uache kitovu. Maua madogo kama viola unaweza kuyala mazima.

Kama hupiki papo hapo, tia maua kwenye chombo chenye kifuniko, juu ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo, uweke kwenye friji. Ua la boga litadumu siku moja, kwa bahati mbili. Viola huweza kufika siku nne au tano.

Hatua ya 5: Onja kabla ya kupika

Mara ya kwanza na ua lolote, kula petali moja au mbili tu, ungoje hadi kesho. Usijaribu maua mawili mapya kwa siku moja, kwa sababu ukiwashwa hutajua lipi limekuwasha. Wenye mzio wa chavua wawe waangalifu hasa na jamii ya alizeti, ambayo humo mna kalendula na kamomili pia. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mtu anayetumia dawa kila siku waulize kwanza kwa mtaalamu wa afya, hususan kwa vinywaji vya maua vinavyonywewa kwa wingi.

Ukionja, tafuna polepole na ujiulize ladha hiyo umeizoea kwenye kitu gani. Maua ya jamii ya kabeji, haradali na figili yana ukali uleule wa majani yake, uliolainika kidogo. Ua la kitunguu ni kitunguu. Ua la giligilani ni giligilani nyepesi yenye dalili ya ndimu, na la rehani ni rehani. Hiyo ndiyo shule rahisi kuliko zote: mmea wa kiungo au mboga ambayo umeshaijua, uliozeeka ukatoa maua, na ulikuwa tayari kuung'oa. Usiung'oe. Chuma maua hayo, uyanyunyize juu ya supu, viazi vya kuchemsha au mayai, pale ambapo ungetia majani yake.

Nastashiamu, Tropaeolum majus, ni kipenzi changu katika kundi la maua makali. Utaujua kwa majani ya mviringo yaliyoshikwa na shina katikati kama mwavuli mdogo, na maua ya njano, chungwa au mekundu yenye kimkia nyuma. Kimkia hicho kina utamu. Kwa hiyo ukilitafuna ua zima unapata asali kwanza, halafu ukali unakupanda puani kama haradali. Mbichi, kwenye samaki wa kukaanga, sijapata cha kulishinda.

Hatua ya 6: Jua kama rangi yake ni ya maji au ya mafuta

Hili laiti ningelijua mapema, lingeniokolea maua mengi. Rangi nyekundu, zambarau na buluu za petali mara nyingi ni za aina inayoyeyuka majini, na hubadilika kulingana na uchachu. Ua la buluu la Clitoria ternatea, ukilitia kwenye maji ya moto, hutoa kinywaji cha buluu kama wino. Kamua ndimu humo, kinageuka zambarau mbele ya macho yako. Choya, katika uchachu wake wa asili, ni nyekundu; ukiitia magadi inaingia kibuluu chenye huzuni. Kwa hiyo petali za rangi hizo usizichanganye na siki ya saladi mapema. Tia siki kwanza, changanya, kisha nyunyiza petali sahani inapokwenda mezani.

Rangi za njano na chungwa, kama za kalendula, kwa kawaida huyeyuka kwenye mafuta. Ukizichemsha kwenye maji matupu utapata maji yaliyofifia na petali zilizochoka. Zitie kwenye mafuta au siagi ya moto mdogo, rangi itatoka. Zafarani ndiyo inayovunja kanuni hii: ni ya njano, lakini rangi yake hutoka vizuri kwenye maji ya uvuguvugu, na ndiyo maana huloweshwa kabla ya kutiwa chunguni.

Harufu nayo haistahimili moto. Waridi, yasmini na lavenda ukizichemsha muda mrefu zinabakiza uchungu. Zitie mwishoni, au uzihifadhi kwanza kwenye sukari au maziwa ya uvuguvugu. Lavenda, Lavandula angustifolia, ihofu kidogo: nusu kijiko cha chai cha maua makavu kinatosha chakula cha watu wanne, na kikizidi chakula kinanuka sabuni. Kwa ujumla, kijiko kimoja cha ua kavu kinashika nafasi ya vijiko vitatu vya bichi.

Sasa tuingie jikoni.

Maua ya maboga

Mmea mmoja wa boga hutoa maua ya kiume na ya kike. La kiume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. La kike lina kijiboga kidogo kimeshika chini yake. Chuma ya kiume, ambayo hutangulia kutokea na huwa mengi zaidi, lakini acha machache ili nyuki wapate chavua ya kupelekea maua ya kike. Hufunguka alfajiri na kufunga kabla au karibu na adhuhuri, na kila moja huishi siku moja. Ukichelewa, nyuki anaweza kuwa amefungiwa ndani, basi fungua kwa uangalifu.

Onja kipande kwanza. Jamii yote ya maboga inaweza, mara chache, kutoa mmea wenye uchungu mkali usio wa kawaida. Uchungu huo ni sumu inayoumiza tumbo. Ukiusikia, tema na usiutumie mmea huo tena.

Kwa chakula cha haraka, kaanga kitunguu kimoja na kitunguu saumu punje mbili katika vijiko viwili vya mafuta mpaka vilainike. Tia maua 15 hadi 20 yaliyokatwa mara mbili kwa urefu, chumvi kidogo, na uyageuze kwa dakika mbili tu. Yatanywea kama mchicha. Yale hivyohivyo na wali, au vunja mayai manne juu yake, ufunike mpaka yashike. Wengi hupika maua haya kwa muda mrefu kama mboga za majani, na matokeo yake ni ute. Dakika mbili, basi.

Kwa kukaanga na unga, koroga gramu 100 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji baridi sana kama mililita 160, mpaka upate uji mwepesi unaoteleza kwenye mgongo wa kijiko. Usiukoroge sana, mabonge madogo hayadhuru. Ukipenda kujaza, changanya jibini laini au viazi vilivyopondwa na giligilani, utie kijiko kimoja kidogo ndani ya kila ua, kisha usokote ncha za petali zifunge. Pasha mafuta hadi nyuzi joto 180. Kama huna kipimajoto, dondoshea tone la uji: likizama kisha likapanda mara moja likichemka pembeni, mafuta yako tayari. Chovya ua, acha uji wa ziada udondoke, kaanga dakika mbili au tatu, mara moja ukigeuza. Usikaange zaidi ya manne matano kwa pamoja, kwa sababu mafuta yatapoa na maua yatayanywa.

Ua la mgomba

Lile tumba kubwa la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu mara nyingi hukatwa na kutupwa baada ya chana la mwisho kutoka, na kulikata hakudhuru ndizi. Ni chakula kizima kinachotupwa, na kinaniuma kila nikikiona chini ya mgomba.

Paka mikono mafuta kwanza, na uvae nguo usiyoionea uchungu. Utomvu wake hauondoki. Andaa bakuli la maji yenye chumvi kijiko kimoja na maji ya ndimu moja. Bandua magamba ya nje, magumu na ya rangi iliyokoza, mpaka ufikie yaliyo meupe yenye wekundu kidogo. Kati ya gamba na gamba kuna safu ya vijiua vyembamba vya kimanjano. Katika kila kijiua toa vitu viwili: ule uzi mgumu wenye kichwa kama cha kiberiti, na kile kigamba kidogo kinachopitisha mwanga chini yake. Havilainiki hata ukivipika saa nzima. Kazi hii ni ya kukaa chini na mtu wa kuzungumza naye. Vijiua vya ndani kabisa ni vichanga, huna haja ya kuvisafisha kimoja kimoja.

Kata moyo wa ua kwa vipande vyembamba na utumbukize kila kipande majini papo hapo, la sivyo kitakuwa cheusi. Acha dakika 20 au 30. Mwaga maji, chemsha kwenye maji mapya yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, chuja, kamua. Hapo uchungu umeondoka na umebaki na kitu chenye nyuzi laini, kinachoshika mchuzi vizuri sana. Kiunge kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na tui la nazi, dakika 15 nyingine kwa moto mdogo. Asiyekula nyama atakipenda zaidi, kwa sababu kina kitu cha kutafuna.

Kalendula kwenye wali

Calendula officinalis hutumiwa pale mtu anapotaka rangi ya zafarani bila kuwa na zafarani. Rangi inaikaribia, ladha haiikaribii hata kidogo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ladha yake ni ya majani yenye uchungu mwepesi, na kwa wali uliotiwa kitunguu inafaa.

Pasha vijiko vitatu vya mezani vya mafuta kwa moto mdogo, tia vijiko vitatu vya petali mbichi zilizokatwakatwa au kimoja cha petali kavu, ukoroge dakika tatu mpaka mafuta yawe ya dhahabu. Tia kitunguu, kisha mchele gramu 300 uliooshwa, ugeuze mpaka kila punje ing'ae, halafu maji na chumvi kama kawaida yako.

Mafuta haya yatumie siku hiyohiyo. Usiloweke maua mabichi wala viungo vibichi kwenye chupa ya mafuta na kuiweka kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, ua linaleta unyevu, na katika hali hiyo bakteria wa Clostridium botulinum hustawi na kutoa sumu kali isiyoonekana wala kunuka.

Siagi na siki

Siagi laini gramu 100, maua 12 ya nastashiamu yaliyokatwakatwa, chumvi kidogo, matone ya ndimu. Changanya, viringisha kwenye karatasi, weka kwenye friji, na uimalize ndani ya wiki. Kata kipande kimoja cha mviringo, ukiweke juu ya samaki, viazi au mahindi ya moto. Badala ya nastashiamu unaweza kutumia maua ya vitunguu majani vyembamba, Allium schoenoprasum. Yachambue vijiua vyake, usitie kichwa kizima, kwa maana ukitafuna kichwa kizima kitunguu kinakuzidia.

Maua hayohayo ya vitunguu majani, vichwa 20 hivi, yajaze kwenye chupa safi ya kioo, mimina siki nyeupe yenye uchachu wa asilimia 5 mpaka yazame, funika, weka gizani. Siku ya pili siki inaanza kuona haya. Ndani ya wiki mbili imekuwa ya waridi iliyokoza. Chuja. Saladi ya maharage iliyokolezwa kwa siki hii haihitaji kitunguu kingine.

Sukari ya waridi

Petali zilizokatwa kona nyeupe gramu 20, sukari gramu 100. Twanga kwa kinu mpaka upate tope la waridi, litandaze kwenye sinia, liache likauke siku moja au mbili mahali penye hewa, kisha twanga tena. Nyunyiza kwenye uji, mtindi, matunda au maandazi yakiwa moto. Waridi lisilonukia halitakupa kitu hapa. Linuse kabla hujalikata. Harufu unayoisikia ndiyo utakayoila.

Choya

Choya au rosela, Hibiscus sabdariffa, wengi huinywa wakidhani wanakunywa petali. Petali zake za njano iliyopauka huanguka siku hiyohiyo. Kinacholiwa ni sepali, ambazo baada ya hapo huvimba, hunenepa na kuwa nyekundu, zikizunguka kitumba cha mbegu. Zichume wiki mbili hadi tatu baada ya ua kuanguka, zikiwa bado zinavunjika kwa mlio. Zikianikwa, kilo 10 mbichi hukupa takriban kilo 1 kavu.

Kwa kinywaji, osha gramu 40 za choya kavu, chemsha lita 1 ya maji pamoja na kipande cha tangawizi, zima moto, tia choya, funika dakika 15, chuja, kisha tia sukari ikiwa bado moto. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ya udongo au ya enameli. Uchachu wa choya hula sufuria ya aluminiamu, na utaisikia ladha ya bati kwenye glasi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amwambie daktari wake kama anainywa kila siku, kwani choya nayo huweza kuishusha.

Ukiwa na choya mbichi, usitupe vitumba vya mbegu. Gramu 500 za choya, kata chini, sukuma vitumba vitoke, vitie kwenye sufuria na maji ya kuvifunika, uchemshe nusu saa mpaka viwe laini na maji yawe mazito kidogo. Uzito huo ni pektini, ndiyo inayogandisha jamu. Chuja, tupa vitumba, tia sepali kwenye maji hayo na uzipike mpaka zilainike. Pima ulichopata kwa kikombe, weka sukari vikombe vilevile, chemsha kwa moto mkali huku ukikoroga. Baada ya dakika kama kumi na tano anza kudondoshea tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji. Lisukume kwa kidole: likijikunja juu, jamu imeiva, ijaze kwenye chupa zilizochemshwa ikiwa bado inatokota.